Biri, Kiraiku na Ugoro: Desturi ya Moshi Katika Baa na Hoteli za Meru na Embu

Katika miji yetu ya Meru na Embu kuna jambo ambalo watu huligombania kimya kimya, kila mtu akiliweka moyoni asilitamke. Mtu ameketi hotelini, amewekewa sahani yake ya mukimo na nyama, na jirani yake wa meza ya pili awasha sigara. Au ni jioni katika baa, na bwana mmoja aliyefanya biashara nzuri siku hiyo atoa biri nene mfukoni, aikata ncha, aiwasha taratibu kwa madaha, na moshi wake wafika mpaka meza ya mwisho. Mwenye sahani akunja uso. Mhudumu ageuka pembeni apate kukohoa. Mwenye baa ayaona hayo yote lakini hasemi neno, maana mwenye biri ndiye anunuaye vinywaji vya meza nzima.

Nimewasikia wengi wakilijadili jambo hili wakiwa wametoka nje, njiani au ndani ya matatu. Wengine husema kwamba kumkataza mtu mzima moshi wake katika baa ni ufidhuli ulioletwa na watu wa ng'ambo. Wengine husema kwamba sheria iko na haifuatwi. Pande zote mbili zina maneno yanayofaa kusikizwa, lakini kwanza yafaa tutazame tumbaku yenyewe ilivyotumiwa katika nchi hizi za mlima Kenya kabla ya baa ya kwanza kujengwa.

TUMBAKU YA WAZEE

Tumbaku si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika, nayo ilivuka bahari katika merikebu za Wareno na wenzao, ikaenea polepole kutoka pwani mpaka bara. Hata hivyo ilikaa kwetu muda mrefu kiasi cha kupata adabu yake. Kwa Wameru, Waembu na Wambeere, tumbaku iliyoheshimiwa zaidi ilikuwa ya kunusa, yaani ugoro, ambao wenyewe huuita mbaki. Majani yalikaushwa, yakasagwa, yakatiwa magadi, na mzee akauchukua ugoro wake katika pembe au kichupa kidogo alichokifunga vizuri. Wazee wawili walipokutana njiani, kupeana ugoro kulikuwa sehemu ya salamu. Katika baraza la kuamua shauri la shamba au la mahari, pembe ya ugoro ilizunguka pamoja na maneno.

Adabu hiyo ilikuwa na mipaka yake. Pombe ya asali na ya miwa ilikuwa ya watu wazima waliokwisha kupita rika la vijana, na tumbaku kadhalika. Kijana hakunusa mbele ya baba yake, wala hakuwasha kiko mbele ya mkwewe. Tena ugoro una tabia moja ambayo hatuikumbuki siku hizi: auchukuaye hubaki nao katika pua yake mwenyewe. Pengine atapiga chafya, na walio karibu watacheka, basi yamekwisha. Sisemi kwamba ugoro ni salama, maana una nikotini ile ile iliyo katika sigara, na waganga wameonyesha kwamba tumbaku isiyo na moshi nayo huleta saratani. Nasema tu kwamba mzee wa zamani hakumlazimisha jirani yake kuutumia pamoja naye.

Halafu kuna kiraiku. Msomaji wa Mbeere au wa Tharaka hahitaji kuelezwa, lakini kwa ajili ya wengine niseme kwamba kiraiku ni tumbaku ya nyumbani, isiyopita kiwandani, inayosokotwa kwa mkono ndani ya karatasi yoyote iliyopo, mara nyingi gazeti. Moshi wake ni mkali, hukwaruza koo la anayeuvuta na la asiyeuvuta. Mkulima huivuta shambani na huivuta kilabuni.

Ningependa msomaji afikiri kidogo hapa. Biri ni nini? Ni majani ya tumbaku yaliyosokotwa ndani ya jani lingine la tumbaku. Biri na kiraiku ni ndugu wa damu moja, isipokuwa mmoja amesafiri kwa meli kutoka Cuba akavikwa utepe wa rangi ya dhahabu, na mwingine ametoka Kiritiri amevikwa gazeti la juzi. Lakini tazama jinsi wanavyopokewa. Mzee akiwasha kiraiku katika baa yenye viti vya ngozi, mlinzi humjia upesi na kumwambia atoke nje, kwa kuwa ananusisha watu. Bwana mwenye gari akiwasha biri katika baa hiyo hiyo, mhudumu humletea kisahani cha majivu. Kama kinachokatazwa ni moshi, wote wawili wangetolewa. Nakisia kwamba kinachokatazwa ni umaskini.

HESHIMA YA BIRI ILITOKA WAPI

Heshima hiyo tuliiona kwa mabwana wa zamani. Mjini Meru kulikuwa na hoteli ya Pig and Whistle, na mjini Embu ile ya Izaak Walton, ambazo katika siku za ukoloni zilikuwa mahali pa Wazungu kulala, kula na kunywa. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa jikoni. Sheria za wakati ule zilimzuia hata kununua vinywaji vikali vya Kizungu. Mpishi na boi waliona kwamba baada ya chakula cha jioni wakubwa waliketi karibu na moto, wakawasha viko na biri, na hapo ndipo mambo makubwa yalipozungumzwa. Basi si ajabu kwamba uhuru ulipokuja mwaka 1963 na milango ikafunguliwa, wengi walitaka kukikalia kiti kile kile na kuushika moshi ule ule.

Mpenda biri aliyejulikana kuliko wote alipata kufika Embu. Huyo ni Winston Churchill, ambaye mwaka 1907, akiwa naibu wa waziri wa makoloni, alizunguka Afrika ya Mashariki na kupanda mpaka boma la Embu, lililokuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Alikuwa amekwenda Cuba akiwa afisa kijana mwaka 1895, na biri za kisiwa hicho hazikumtoka mkononi maisha yake yote. Wavutaji wa siku hizi hupenda kumtaja kama shahidi wao: alivuta biri, akanywa, naye akafa mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 90.

Ni shahidi mmoja. Wako wengine wasioitwa. Jenerali Ulysses Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani, alivuta biri nyingi kila siku, naye alikufa kwa saratani ya koo mwaka 1885. Sigmund Freud, mganga wa maradhi ya akili aliyesifika duniani, aligunduliwa kuwa na saratani ya kinywa mwaka 1923, akapasuliwa zaidi ya mara 30, na bado alivuta biri mpaka karibu na kifo chake mwaka 1939. Naye Fidel Castro, ambaye picha zake za ujana zote zina biri, aliacha kuvuta mwaka 1985 ili asaidie kampeni ya afya katika nchi yake mwenyewe, nchi inayouza biri kuliko kitu chochote cha anasa.

Kuna wasemao kwamba biri haina madhara kwa sababu moshi wake haumezwi kifuani. Maneno haya yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yamedumu. Waganga wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walipochapisha mwaka 1950 uchunguzi wao juu ya saratani ya mapafu, walitia shaka hasa juu ya sigara. Na taarifa kubwa ya serikali ya Marekani ya mwaka 1964 iliona kwamba waliovuta biri peke yake walikuwa na hatari ndogo ya mapafu kuliko wavuta sigara. Lakini uchunguzi uliofuata ulieleza jambo lenyewe. Moshi wa sigara ni wa asidi kidogo, na nikotini yake haiingii mwilini vizuri ila ikifika mapafuni. Moshi wa biri una hali ya magadi, na nikotini yake hupenya katika ngozi laini ya kinywa bila kumezwa. Kwa hiyo mvuta biri hutosheka bila kuvuta kwa kina, lakini ulimi, midomo, koo na umio wake hulipa deni. Tena vipimo havilingani: sigara moja ina tumbaku isiyozidi gramu moja, na biri kubwa yaweza kuwa na gramu 20, yaani sawa na pakiti nzima, nayo yaweza kuwaka kwa saa moja na zaidi.

Na katika saa hiyo, mwenyewe huivuta mara chache tu. Muda uliobaki biri hukaa katika kisahani ikifuka peke yake. Moshi huo ufukao kwenye ncha, usiopita kinywani mwa mtu, ndio unaojaza chumba. Mwezi wa Julai hapa kwetu, ukungu wa mlima unaposhuka na baridi ikawa kali, hakuna mwenye baa aachaye dirisha wazi. Mteja hukaa humo saa mbili, akaenda zake. Mhudumu hukaa saa kumi, siku sita kwa juma, na huenda ni msichana mwenye mimba anayetafuta karo ya mdogo wake. Wavutapo wengine, yeye huvuta pamoja nao bila kununua. Moshi wa watu wengine huleta maradhi ya moyo na saratani ya mapafu kwa asiyevuta, na mama mja mzito akiuvuta, mtoto huweza kuzaliwa mwepesi.

SHERIA YENYEWE

Kenya iliridhia mwaka 2004 mapatano ya dunia ya kuzuia tumbaku. Mwaka huo huo nchi ya Ireland ilikataza kuvuta katika baa zake zote, na waliodhani kwamba Mwairishi hataweza kunywa bila moshi walishangaa kuona kwamba aliweza. Kwetu, Waziri wa Afya Charity Ngilu alitoa kanuni mwaka 2006, lakini makampuni ya sigara yalikwenda mahakamani na kanuni zikasimamishwa. Ndipo Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007, nayo ikaanza kufanya kazi mwezi wa Julai 2008. Kanuni zilizoongezwa mwaka 2014 zilipingwa tena na kampuni ya BAT, kutoka mahakama moja mpaka nyingine, hata Mahakama ya Juu ilipozikubali mwezi wa Novemba 2019.

Sheria yasema kwamba hakuna ruhusa ya kuvuta mahali pa umma, na hoteli na nyumba za kula zimo. Haichagui sigara, kiko, kiraiku wala biri. Hata kushika tu tumbaku inayowaka huhesabiwa kuwa kuvuta, kwa hiyo yule bwana asemaye, “Siivuti, nimeishika tu,” hana utetezi. Avunjaye sheria hiyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Mwenye nyumba aweza kutenga mahali pa wavutaji, lakini pawe pametengwa kweli, na hewa yake itoke nje moja kwa moja, isirudi kwa wengine. Kuandika kibao “Wavutaji” juu ya meza tatu za kona si kutenga, kwa kuwa moshi haujui kusoma.

Katika miezi ya kwanza baada ya sheria kuanza watu waliogopa. Baadaye woga ukapoa. Nimeona kwa macho yangu, katika baa moja ambayo sitaitaja, tangazo la “Usivute Sigara” limetundikwa ukutani na chini yake kisahani cha majivu kimejaa. Sheria hiyo hiyo yakataza kuuza sigara chini ya kumi pamoja, na bado kila kibanda kutoka Maua mpaka Runyenjes huuza moja moja, na kiberiti kimefungwa kwa uzi ili mnunuzi awashe papo hapo. Tena wako watumishi wa sheria ambao huiona kama mtego wa kupatia chai: humkamata mlevi mmoja maskini mlangoni, wakamwacha mwenye biri ndani.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna kilichobadilika. Hoteli za chakula cha mchana katika miji hii, zile ambazo makarani, walimu na wenye maduka hula, kwa sehemu kubwa hazina moshi tena, na hilo limekuja bila askari. Wateja wenyewe walizoea. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2014 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku ya aina yoyote walikuwa asilimia 11.6, wanaume 19.1 na wanawake 4.5 katika kila mia. Wengi wetu hatuitumii. Katika hoteli, wengi hao walipata nguvu. Katika baa bado, na sababu yake naona ni adabu kuliko sheria.

Maana nani atasema? Mhudumu ni msichana wa miaka 20, na mwenye biri ana umri wa baba yake. Katika malezi yetu mtoto hamwambii mzee “zima”. Akisema, watu watamlaumu yeye, si mzee, na huenda jioni hiyo ikawa ya mwisho ya kazi yake. Mteja mwenzake naye ataonekana mshari. Kwa hiyo neno hilo ni la mwenye baa, ambaye ndiye mwenye nyumba, na desturi yetu humpa mwenye nyumba haki ya kumwongoza mgeni wake bila kumvunjia heshima. Wako wenye baa waliojua kufanya hivyo: wamejenga kibanda cha mabati nyuma, wazi pande zote, wakaweka mabenchi na jiko la makaa kwa ajili ya baridi. Mvutaji akitoa sigara, mwenyewe humwendea: “Mzee, tafadhali, kule nyuma kuna moto na nafasi nzuri, kinywaji chako kitaletwa.” Sijasikia mzee aliyekasirika kwa kuambiwa hivyo.

MKULIMA WA TUMBAKU JE?

Husemwa pia kwamba tukiufukuza moshi katika baa za Embu tutamwua njaa mkulima wa Mbeere. Maneno haya ni mazito, wala hayafai kupuuzwa na mtu mwenye mshahara kama mimi. Tangu miaka ya 1970 wakulima wa sehemu za Meru, Embu na Mbeere walilima tumbaku kwa mkataba. Kampuni humpa mkulima mbegu, mbolea na dawa kwa mkopo, halafu hukata deni lake siku ya mauzo. Katika nchi kavu, ambayo kahawa na chai hazioti na mvua hukosekana, zao lenye mnunuzi wa hakika ni jambo kubwa. Wako waliosomesha watoto na kuezeka nyumba kwa fedha za tumbaku.

Lakini ulizeni wakulima wenyewe. Anayepima ubora wa majani ni mnunuzi, si muuzaji. Miti imekatwa kwa ajili ya kukaushia majani katika mabanda ya moto. Kazi ni ya miezi mingi, na nyumba nzima hushiriki, watoto nao. Achumaye majani mabichi yenye umande huingiwa na nikotini kwa ngozi, akapatwa na kizunguzungu na kutapika, na jioni husema ni malaria. Wengi wa Mbeere wameiacha tumbaku wakapanda muguka, ambao una vita vyake vingine. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hiyo. Huko Migori, mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali yetu walianzisha mwaka 2022 mpango wa kuwahamisha wakulima wa tumbaku walime maharagwe yenye madini ya chuma kwa wingi, huku wakiwatafutia soko. Mkulima wa Mbeere ana haki ya kuuliza lini mpango kama huo utamfikia kwa ukamilifu, pamoja na soko lake, maana pojo anazoweza kulima haziuziki kwa maneno mazuri.

Wala bei ya jani lake haipangwi katika baa ya Embu. Kampuni inayonunua tumbaku yake huuza sehemu kubwa ya bidhaa zake nje ya Kenya, na biri anayoivuta bwana wetu haina hata jani moja la Mbeere.

Siku hizi vijana wa Makutano mjini Meru wameleta kitu kingine. Ni vifuko vidogo vyeupe vya nikotini, ambavyo huwekwa chini ya mdomo na havina moshi. Viliingizwa Kenya mwaka 2019, na mwaka uliofuata Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipinga jinsi vilivyoandikishwa kama dawa. Shisha ilikuwa imekwisha kukatazwa mwishoni mwa mwaka 2017. Kwa jirani wa meza, vifuko hivyo havina taabu. Wazee waviangaliao hucheka, wakisema kwamba ugoro umerudi, ila umeshonewa nguo na bei yake imepanda.

Aliye na lalamiko juu ya moshi katika hoteli au baa aanze na msimamizi wa nyumba hiyo, kwa kuwa sheria inamtaja yeye pamoja na mvutaji. Asiposikizwa, aende kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yake, yule ambaye wazee bado humwita bwana afya, na amweleze mahali, siku na saa. Afisa huyo ana mamlaka ya kuingia na kukagua. Mhudumu anayeogopa kutajwa aweza kumwomba mteja amsemee.